Ukinitumia miksi, niambie nianzie dakika ya ngapi

Kazi yangu ni kushona, na cherehani haina stori. Zinazonishindisha ni miksi za ma-DJ na vipindi vya redio za mtandaoni. Watu wangu wanalijua hilo, basi kila wiki simu inajaa linki: “Sikiliza hii, moto!” Halafu kimya. Saa mbili nzima, na sijaambiwa hata kama ni ya kuchezea au ya kulalia. Mara nyingi siifungui. Lakini nisijifanye malaika, na mimi nilikuwa natuma hivyohivyo, kisha nanuna kwa kutojibiwa.

Siku hizi najibiwa, na kilichobadilika ni kidogo tu: situmi miksi, natuma dakika.

Naanza kwa kuisikiliza mpaka mwisho. Wengi hutuma wakiwa wimbo wa tatu, na nyimbo tatu za mwanzo kila DJ anazijua kuzipanga. Mara ya kwanza naiacha ipige huku nashona. Mkono ukisimama wenyewe kwenye gurudumu, naandika dakika ile kwa chaki pembeni mwa kitambaa. Usiku navaa hedifoni narudia zile alama tu. Zikiwa tatu na bado zinanisimamisha, miksi inatumwa. Ikiwa ni moja, nilichopenda ni wimbo, si miksi, kwa hiyo natafuta jina lake na kutuma wimbo wenyewe. Hapo Shazam, ile programu ya simu inayotambua wimbo kwa kuusikiliza, inaweza kukuangusha, maana DJ anaweza kuwa ameukimbiza wimbo au kaufunika na mwingine. Tazama kwanza maelezo chini ya miksi, kisha 1001Tracklists, tovuti yenye orodha za nyimbo zilizopigwa kwenye miksi.

Ujumbe wangu huwa hivi: “Anzia 41:20. Besi inaondoka, yanabaki makofi, halafu sauti ya mwanamke inakuja kutoka mbali. Ukifika 44 hujaguswa, zima.” Ruhusa ya kuzima ni muhimu. Mtu akijua hafungwi, anafungua.

Taja mwendo pia, kwa sababu “imechangamka” kila mtu ana yake. Amapiano nyingi hutembea kwenye mapigo 110 hadi 115 kwa dakika, hausi 120 hadi 128, drum and bass 170 na kitu. Singeli inapita 200. Nilipendekezewa miksi ya singeli bila onyo nikiwa napinda gauni la harusi. Mguu ulifuata ngoma, na upindo ule niliufumua wote.

Vipindi vya redio vina dawa tofauti. Pale unampendekeza mtangazaji, si toleo moja. Usimpe mtu toleo lile la sherehe lenye wageni sita, mpe la wiki ya kawaida, ili ajue anaingia nyumba ya namna gani. Mimi asiyejua pa kuanzia nampeleka NTS ya London, iliyoanza 2011: ina idhaa mbili zinazoruka saa zote, na matoleo mengi yaliyopita yamewekewa orodha ya nyimbo. Anayependa kumwona DJ akifanya kazi nampa The Lot Radio, inayorusha picha na sauti kutoka ndani ya kontena Brooklyn, New York, tangu 2016. Mwenye subira nampa dublab ya Los Angeles, wako hewani mtandaoni tangu 1999. Na anayetaka DJ mmoja apewe saa mbili ajieleze, ipo Essential Mix ya BBC Radio 1, tangu 1993. Si lazima uzipende zote. Ile ya mwisho huwa naivumilia kwa zamu.

“Mpya” nayo ina ujanja. Tarehe iliyoandikwa ni ya kupakiwa, na miksi inaweza kuwa ilirekodiwa tamashani miezi mingi kabla. Soma maelezo kabla ya kusema imetoka jana.

Kama ni mubashara, saa iandike mara mbili. Niliona kipindi cha London kimeandikwa 8 pm, nikaharakisha kumwandikia shoga yangu “saa 8 usiku”. Maskini akatega kengele, akaamka usiku wa manane kusikiliza mtu mwingine kabisa. Na hata ningeandika saa 2 usiku ningekosea, maana hiyo ilikuwa saa ya London, na wale husogeza saa zao Machi na Oktoba. Sasa naandika 20:00 ya London, kisha saa ya yule ninayemtumia, kwa Kiswahili.

Fikiria na bando la mwenzio. Sauti ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha data inayopita kila sekunde, ikiwa nyingi sauti ni safi zaidi) inakula kama MB 58 kwa saa. Ya 320 inakula 144. Miksi ya saa tatu kwa ubora wa juu ni zaidi ya MB 430, na hilo mtu anastahili kulijua kabla hajabonyeza.

Mwisho kabisa, jaribu linki ukiwa umetoka kwenye akaunti yako. SoundCloud, mtandao ambako ma-DJ wengi hupakia miksi, huziondoa nyingine kwa sababu za hakimiliki, na vipindi vingine havifunguki nchi fulani. Ikigoma kwako, huenda ikagoma kwake pia. Ikifunguka, tuma hiyo moja, ngoja wiki, na usiulize “umesikiliza?” siku ya pili.