Namna ya kumwandaa beki wa kiwango cha kimataifa

Katika viwanja vingi vya Dodoma, kuanzia vya vumbi kule Nkuhungu na Kizota hadi vya shule za Chamwino, beki huchaguliwa kwa kutazamwa umbo: kijana mrefu, mwenye nguvu na asiyeogopa kuumia hupelekwa nyuma, na mwenye ufundi hupelekwa mbele. Utaratibu huo unaweza kuipatia timu kombe la mtaa, lakini haumfikishi mtu mbali. Fabio Cannavaro, aliyekuwa nahodha wa Italia ilipotwaa Kombe la Dunia mwaka 2006, hafiki hata sentimita 180, naye alicheza beki wa kati katika fainali ambazo timu yake iliruhusu mabao mawili tu kwa mechi saba: moja la kujifunga dhidi ya Marekani, na jingine la penalti ya Zinedine Zidane. Mwaka huohuo alitunukiwa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Kilichombeba ni uamuzi, yaani kujua mapema mpira utakwenda wapi na kufika pale kabla ya mshambuliaji, na uamuzi ni jambo linalofundishika.

Mwalimu aanze na namna ya kusimama. Beki anayemkabili mshambuliaji akiwa amemwelekea kifua kwa kifua, miguu ikiwa sambamba, anaweza kupigwa tobo au kupitwa upande wowote. Asimame ubavu, mguu mmoja ukiwa mbele, magoti yamekunjwa kidogo na uzito ukiwa kwenye nyayo za mbele, macho yakiwa kwenye mpira wala si kwenye mabega ya mpinzani, kwa sababu chenga nyingi huanza kwa kuyumbisha mabega. Kisha arudi nyuma taratibu huku akimziba mpinzani njia ya katikati, ili abaki na njia ya pembeni au alazimike kutumia mguu wake dhaifu. Asichomoe mguu mpaka mpinzani aguse mpira kwa mguso mrefu kidogo. Bobby Moore, beki wa Uingereza, alilionyesha hilo huko Guadalajara, Mexico, katika Kombe la Dunia la mwaka 1970, Jairzinho wa Brazil alipomjia kwa kasi: alirudi naye hadi ndani ya eneo la hatari, akasubiri, kisha akauchukua mpira bila faulo. Uingereza ilifungwa 1–0 siku hiyo, na mfungaji alikuwa Jairzinho huyohuyo, lakini tendo lile bado linastahili kufundishwa.

Zoezi lake halihitaji vifaa. Chora njia yenye upana wa hatua kumi na urefu wa hatua ishirini, mshambuliaji aanzie upande mmoja na beki amkabili, na beki apate pointi kila anapomchelewesha mpinzani au kumsukumia nje ya mstari, hata kama hakuugusa mpira. Mpe beki soksi iliyoviringishwa katika kila mkono, asiiachie. Vijana wengi huvuta jezi bila kujitambua, na katika soka la kimataifa, lenye marudio ya video, tabia hiyo ina gharama kubwa. Tangu kanuni zilipobadilishwa mwaka 2016, beki anayemnyima mpinzani nafasi ya wazi ya kufunga ndani ya eneo la penalti, akiwa anajaribu kweli kuucheza mpira, hutozwa penalti na kadi ya njano. Lakini akimvuta, akimshika au akimsukuma, hutozwa penalti na kadi nyekundu.

Mipira mirefu inahitaji muda zaidi, na hapa Dodoma ina manufaa yake. Upepo wa kiangazi huutoa mpira kwenye njia yake, na ardhi kavu huudundisha juu kupita kichwa cha aliyesubiri udunde. Badala ya kungoja upepo utulie, mwalimu apige mipira mirefu, mara kwa kufuata upepo na mara kwa kuukabili, na amtake beki aondoke hatua mbili nyuma mara tu mguu unapougusa mpira, kwa kuwa kusonga mbele kuupiga kichwa ni rahisi kuliko kurudi kinyumenyume. Mpira usiachwe udunde hata mara moja. Aliyezoea hali hiyo hatahangaika sana na mpira unaopaa kwenye nyasi nzuri za uwanja usio na upepo.

Mipira ya kutengwa, yaani kona na faulo, ndiyo inayoziumiza timu zetu, na mfano upo karibu. Tarehe 21 Januari 2024, kule San Pedro, Ivory Coast, katika Kombe la Mataifa ya Afrika, Taifa Stars iliongoza dhidi ya Zambia kwa bao la Simon Msuva la dakika ya 11, na Zambia ikabaki na wachezaji kumi kabla ya mapumziko. Hata hivyo, dakika ya 88 Patson Daka alisawazisha kwa kichwa kutokana na kona. Sidhani kama lilikuwa suala la nguvu, kwa kuwa kona ya dakika za lala salama humkuta beki amechoka, na aliyechoka huutazama mpira na kumsahau mtu. Kwa hiyo kona zifanyiwe mazoezi mwishoni, vijana wakiwa wamechoka kweli. Beki ageuke nusu ili aone mpira na mtu kwa pamoja, na asimame baina ya mtu wake na goli.

Kutazama begani ni sehemu ya kazi hiyohiyo. Mpira ukiwa upande wa pili, mwalimu asimame nyuma ya beki, ainue vidole kadhaa, na beki ataje idadi yake kabla krosi haijapigwa.

Timu ya taifa hukaa kambini siku chache tu kabla ya mechi, na kila mchezaji hutoka katika klabu yenye mfumo wake, kwa hiyo mabeki wanne wasiozoeana huunganishwa na sauti. Maneno yawe mafupi na yaleyale kila siku: "panda" ukuta wa mabeki unaposogea mbele, "mtu" mwenzako anapofuatwa kwa nyuma, "peke yako" anapokuwa na nafasi ya kugeuka. Beki mkimya, hata awe na kipaji gani, mimi nisingemchagua.

Mmoja akichelewa kupanda, mtego wa kuotea, yaani mabeki kusogea mbele pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao akiwa ameotea, huvunjika. Katika nusu fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1998, Lilian Thuram, beki wa Ufaransa, alibaki nyuma ya wenzake na kumfanya Davor Šuker wa Croatia asiwe ameotea, Šuker akafunga. Ndani ya dakika moja hivi Thuram alisawazisha, kisha akaongeza la pili, na Ufaransa ikashinda 2–1. Hayo ndiyo mabao pekee aliyoifungia Ufaransa katika mechi 142. Kwa hiyo bao likifungwa mazoezini kwa uzembe wa beki, mpira urudishwe katikati mara moja na mchezo uendelee bila mtu kusimama kulaumiwa, na maelezo yasubiri hadi mapumziko.