Kupima uvimbe wa titi mu labo: kisu njo kinapima mbele ya lati ya kupimia

Bandugu na badada wa labo, hapa Bukavu na kwengine, wengi munaniuliza namna tunapima kipande cha titi chenye kansere, basi ni hivi tunafanya ku meza.

1. Formoli. Kipande kikitoka kwa shirurjien kiingie mu formoli (dawa ya kuzuia kuoza) ya 10% mbele ya saa moja kupita, na formoli ikuwe karibu mara kumi ya kipande. Wengine wanakisukuma mu kachupa kadogo, kinapanda mashua kutoka kisiwa cha Idjwi, kinafika kimeshachukua sura ya chupa, sasa hapo utapima nini? Kikae ndani masaa 6 mpaka 72, zaidi ao chini ya pale vipimo vya homoni na HER2 (protini ya ku seli za kansere) vinaweza kudanganya.

2. Boni na uzi. Soma boni (karatasi ya shirurjien) mbele ya kugusa kisu. Mara nyingi uzi mufupi wenye shirurjien alishona ni upande wa juu, murefu ni upande wa inje, lakini kama boni haisemi piga simu, usibahatishe. Pima uzito, pima pande tatu, paka wino ku mipaka, ngoja ikauke.

3. Kukata. Hapa njo kazi yenyewe. Kata kama mukate, kila kipande milimetre 5, vyote unene moja, uvipange kwa namba na upige foto. Kwa nini nasumbua watu na unene? Tuseme titi ya milimetre 80 umepata vipande 16, ni 5 kila kimoja, sawa. Uvimbe unaonekana mu namba 6, 7, 8 na 9, ni vipande vine mara 5, milimetre 20, hata kama ku uso wa kipande unapima 17 tu, kile kirefu kushinda njo tunachukua. 20 bado ni T1c (T ni daraja ya ukubwa wa uvimbe). Sasa mutu mwenye kisu kibutu alikata 6-6 na akaandika tu 5, vipande vyake vine ni 24, ni T2, na yeye ameandika 20, na dokta wa kansere anaweza kubadilisha dawa juu ya ile. Kwa hiyo hesabu vipande, gawanya urefu, usiamini macho.

4. Vidole. Kansere ya lobulari (ile inaanzia mu tezi za maziwa) inaweza isionekane hata kidogo, bonyeza polepole, pale pagumu ndipo uchukue kasete nyingi (kasanduku ka kutia kipande chenye kitaenda ku mikroskopi). Uvimbe ukiingia wote mu kasete moja, muzuri sana, ukishinda kasete chora karamani ya wapi kila kasete ilitoka.

5. Mikroskopi. Kipimo cha meza ni cha kwanza tu. Ku mikroskopi tunahesabu ile sehemu imetoboa na kuingia mu nyama, ile ingali ndani ya mifereji haihesabiwe mu T, iandike pembeni. Ukikuta uvimbe mbili usizijumlishe, chukua mukubwa, weka (m), maana ziko nyingi. Mpaka 20 ni T1, mpaka 50 T2, kupita 50 T3.

Na kama mugonjwa alishapewa chimio (dawa ya kansere) mbele ya operasio, kovu halihesabiwe, pima kile kisehemu kikubwa cha kansere chenye kingali hai, na mu rapore uanze na "yp", maana bila ile herufi dokta atasoma kama mutu hajawahi kupata dawa.