Kabla Hujaloanisha Mikono: Maandalizi ya Mfinyanzi Anayeanza

Wengi wanaoanza kufinyanga huulizia vifaa kwanza. Mimi ningeuliza kwanza kazi yako itakaukia wapi na itachomwa na nani. Kama hakuna wa kukuchomea, nunua udongo unaokauka wenyewe, ufinyange sanamu na mapambo, na usahau kabisa habari ya kikombe cha chai, kwa sababu maji yatakilainisha. Jiko la kuokea mikate halisaidii. Udongo wa vyungu huacha kurudi matope ukishapita nyuzi joto 600 hivi, na vyungu vingi vya kawaida huchomwa karibu na nyuzi 1,000. Mwenye tanuri akuambie mapema anachoma udongo gani.

Udongo wenyewe upime kabla ya kuutumia. Viringisha kipande chembamba kama penseli, ukizungushe kidoleni. Kikipasuka pasuka, umekauka mno au una mchanga mwingi. Kikikuganda mikononi, utandaze kwanza juu ya ubao mkavu upunguze maji. Uliochimba mwenyewe uloweke na kuuchuja, maana kokoto ndogo ya chokaa inaweza kubandua kipande cha chungu siku kadhaa baada ya kuchomwa. Kisha kanda, tena usione uvivu: ukilikata donge kwa waya, ndani pasionekane vitundu.

Vifaa ni vichache: uma wa zamani, waya, kijiti, sponji, mfuko wa plastiki, na turubai la kutandika mezani udongo usigande. Weka ndoo ya kunawia, kwa sababu udongo ukimwagwa kwenye sinki huziba bomba. Baada ya kazi futa meza kwa kitambaa kibichi wala usifagie. Vumbi lile lina silika, yaani madini ya mchanga yanayodhuru mapafu, si la kuvuta puani.

Kitu ambacho wengi hawakiandai ni uji wa udongo. Siku moja kabla, loweka mabaki makavu kwenye kikopo mpaka yawe mazito kama maziwa ya mgando. Hiyo ndiyo gundi yako. Tembo wangu wa kwanza niliubandika mkonga kwa kuubonyeza tu kwa kidole. Ulipokauka ukadondoka wenyewe, ukaacha kovu laini usoni kana kwamba haukuwahi kuwapo. Siku hizi nachanja pande zote mbili kwa uma, napaka uji, nabana, kisha nazungushia uzi mwembamba wa udongo kwenye kiungo.

Amua unene pia mapema, na usizidi sana sentimita 1. Sanamu kubwa kuliko ngumi ikombe ndani na uitoboe tundu chini. Watu husingizia hewa sanamu inapolipuka motoni, ila mara nyingi mkosaji ni maji yaliyobaki ndani, ambayo hugeuka mvuke ghafla.

Basi tenga wiki nzima ya kukausha, kivulini, mbali na upepo, kazi ikiwa imefunikwa plastiki kwa ulegevu siku za mwanzo. Masikio ya tembo hukauka kabla ya tumbo, kwa hiyo yafunike zaidi. Kabla ya kuipeleka kwenye tanuri, igusishe shavuni. Ukihisi ubaridi, bado ina maji, irudishe kivulini.