SOMO: Chembe nano za fedha kwa majani ya mkarafuu (soma mpaka mwisho ndipo uulize)

Assalaam alaykum.

Kila ikifika miezi ya miradi ya wanafunzi simu yangu haipoi. Huyu wa Mkoani, yule wa Wete, mwengine yuko Unguja hanijui simjui, na maswali ni yale yale mawili: "Mbona yangu haijabadilika rangi?" na "Yangu imebadilika, ndio dawa tayari?" Nimechoka kurekodi sauti za dakika sita. Naandika mara moja tu, namna ya kuzitengeneza na namna ya kupima kama kweli zinaua bakteria.

Fedha ninayoisema ni madini, ya pete na mikufu, si ya mfukoni. Chembe nano ina upana wa nanomita 1 hadi 100, na nanomita milioni moja ndizo zinazofanya milimita moja. Majani yana kazi mbili: yujenoli (kiungo kikuu cha mafuta ya karafuu), tanini (ule ukakasi wa majani) na jamaa zao huipa ioni ya fedha, yaani fedha iliyopoteza elektroni, ile elektroni iliyopungukiwa, kisha huzivika chembe zisigandane. Chembe nazo hutoa ioni kidogo kidogo, na ioni hizo huharibu utando wa bakteria na kung'ang'ania protini zake. Antibayotiki nyingi hupiga mahali pamoja. Fedha hupiga kadhaa kwa mpigo. Ndiyo sababu ya watu kuifukuzia, maana kwa makadirio ya mwaka 2019 bakteria sugu waliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Hatua ya 1. Osha majani, anika kivulini mpaka yavunjike mkononi, saga.

Hatua ya 2. Gramu 10 za unga, mililita 100 za maji yaliyokenekwa (mvuke wa maji uliopozwa ukawa maji tena), nyuzi 60 hadi 70 kwa dakika ishirini. Chuja kwa karatasi ya maabara.

Hatua ya 3. Nitrati ya fedha (kemikali ya fedha inayoyeyuka majini na kutoa zile ioni) ya milimola 1: gramu 0.17 kwa lita moja. Usipime kwa mililita 100, mizani ya tarakimu mbili baada ya nukta itakudanganya. Vaa glavu, funga chupa kwa foili.

Hatua ya 4. MAJI. Hapa ndipo nilipoaibika, someni taratibu.

Mwaka wangu wa kwanza maji yaliyokenekwa yalituishia, na mzigo ulikuwa bado uko bandarini Unguja. Nikajisemea, maji ya kisima nikiyachemsha si yatakuwa safi? Nikachemsha, nikachuja, nikayeyushia nitrati. Ikawa nyeupe kama tui la pili. Nikadhani ndiyo inaanza. Nikaiweka dirishani, nikaenda kuswali adhuhuri, niliporudi imeshakuwa zambarau iliyofifia kwenda kijivu. Furaha! Nikapiga picha, nikamtumia maalim wangu. Akaja na bilauri ya maji yale yale ya kisima, hamna jani wala unga, akadondosha matone matatu ya nitrati. Tui. Akaiweka juani, tukakaa kimya tunaitazama inavyogeuka zambarau. Hakunisema kitu, na bora angenisema.

Kilichotokea: visima vyetu, khasa vya karibu na pwani, vina chumvi. Kloraidi ya kwenye chumvi huikamata fedha, ikafanya kloraidi ya fedha, nyeupe, ambayo mwanga huigeuza rangi. Fedha yako yote imekwisha kabla jani halijafanya kazi. Na kuchemsha hakutoi chumvi; maji yanapungua, chumvi inabaki pale pale, kila mpika chumvi anajua. Kwa hiyo: vyombo vioshwe mara ya mwisho kwa maji yaliyokenekwa, si ya bomba. Usivisuuze kwa dawa ya madoa. Usitie kidole, jasho nalo lina chumvi. Na kila galoni jipya, hata kama limeandikwa safi, tia tone moja la nitrati kwenye kijiko cha maji yake. Yakifanya wingu, mwagilia maua.

Hatua ya 5. Mililita 90 za nitrati, 10 za mchuzi wa majani uingie kidogo kidogo huku unakoroga. Weka kando bilauri mbili: moja ya nitrati na maji, moja ya mchuzi na maji. Mchuzi wa mkarafuu wenyewe una rangi ya chai, kwa hiyo bila bilauri hizo hujui kama umeona mabadiliko au umeona chai.

Hatua ya 6. Pima kwa spektrofotomita, kifaa kinachoonyesha mwanga upi umenyonywa. Kilele cha unyonyaji kiwe baina ya nanomita 400 na 450 za urefu wa wimbi la mwanga. Elektroni za juu ya chembe hutikisika na mwanga wa eneo hilo zikaunyonya, ndiyo maana jicho linabakiwa na manjano na kahawia.

Hatua ya 7. Zungusha kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi mpaka chembe zituame), mwaga maji ya juu, osha, rudia mara tatu. Usiruke! Nitrati iliyobaki inaua bakteria peke yake, utaisifu chembe kwa kazi isiyoifanya.

Hatua ya 8. Sahani ya agari ya Mueller-Hinton (rojo la kuoteshea bakteria) yenye kina cha milimita 4, bakteria wa kununuliwa wanaojulikana (E. coli ATCC 25922 inatosha), visima vinne, yaani vishimo vya kutoboa kwenye agari: chembe, mchuzi peke yake, nitrati peke yake, maji. Kando weka kisahani cha karatasi chenye jentamaisini, antibayotiki ya kulinganishia. Nyuzi 37 usiku kucha. Wote ndani ya maabara na msimamizi. Usiokote usaha wa mtu.

MASWALI

Kijana_wa_Kojani: Mkuu, kwa ufupi ni hatua gani za muhimu? Nina uwasilishaji kesho.
Mwandishi: Nane.

MzeeBaba77: Nikichemsha karafuu na pete ya fedha nikanywa, UTI inapona?
Mwandishi: Hapana. Pete ni fedha iliyokwisha kuwa fedha, haina ioni za kubadilishwa. Nenda kapime mkojo.

Biashara_Halali: Tufungashe chupa ndogo tuwauzie watalii Forodhani.
Mwandishi: Anayekunywa fedha kwa muda mrefu ngozi humgeuka kijivu-buluu na haimrudi. Mimi simo. Ukienda ZFDA (wakala wa chakula na dawa Zanzibar) kuomba kibali usinitaje.

Bi_Mtambwe: Mwanangu, wazee wetu walitumia mwarobaini na karafuu bila spektrofotomita, na jino likatulia.
Mwandishi: Shikamoo bibi. Jino lilitulia kweli, yujenoli inatia ganzi na inaua bakteria. Ndiyo maana nimeweka kisima cha mchuzi peke yake: kama karafuu inafanya kazi bila fedha, tuijue, tusimpe mgeni sifa ya mwenyeji.

Salma_Lab: Chembe zangu zilikuwa kahawia nzuri. Nilipozipunguza kwa maji ya dripu zikawa kijivu, zikatuama chini. Kwa nini?
Mwandishi: Swali la mtu anayetazama kazi yake, ahsante. Maji mengi ya dripu ni ya chumvi. Chumvi huua chaji inayozifanya chembe zisukumane, zikishikana zinakuwa kubwa na kilele kinapotea. Punguza kwa maji yaliyokenekwa. Nitumie mchoro wa kabla na baada, nitautazama.

Kijana_wa_Kojani: Duara lisiloota bakteria kuzunguka chembe ni milimita 13, la jentamaisini 22. Kwa hiyo zimeshindwa?
Mwandishi: Sasa unauliza vizuri. Duara halilinganishiki hivyo. Jentamaisini inayeyuka na kusambaa kwenye agari. Chembe ni kubwa, hutembea kwa shida. Ukitaka kujua nguvu, pima kwa mirija: punguza nusu kwa nusu mpaka uone mrija ambao bakteria wameota. Ule kabla yake ndio kiwango chako.

Salma_Lab: Na bakteria wakiizoea fedha?
Mwandishi: Wameshaizoea. Mwaka 1975 iliripotiwa Salmonella sugu kwa nitrati ya fedha kwenye wodi ya walioungua huko Boston. Baadaye jeni za usugu huo zilikutwa kwenye plazimidi moja (kipande cha DNA ambacho bakteria hupeana) na jeni za kukataa antibayotiki ya ampisilini. Maana yake ukiitumia fedha ovyo unaweza kuwalea hata wanaokataa antibayotiki. Ndiyo sababu siandiki popote kwamba hii ni mbadala. Iandike "huenda", mtahini atakuheshimu.

Fundi_AC_Chake: Mimi si mwanafunzi. Maji yanayodondoka kwenye AC hayafai? Kila siku namwaga ndoo.
Mwandishi: Ni mvuke uliopozwa, kwa hiyo chumvi ni kidogo, lakini yamepita juu ya mabomba ya shaba na vumbi. Kwa suuza ya kwanza ya vyombo yanatosha, kwa nitrati hapana.

Fundi_AC_Chake: Nimedondoshea tone la nitrati kutoka kwa jirani wa maabara. Hayakufanya wingu.
Mwandishi: Niwekee galoni. Napita kesho baada ya alasiri.

Binti_Wete: Vidole vyangu vimekuwa vyeusi, na Ijumaa nina harusi.
Mwandishi: Hatua ya 3, neno la glavu. Madoa hayo hayaoshiki, yatatoka na ngozi baada ya siku kadhaa. Paka hina nyeusi juu yake.