Visanduku vya madini ya fedha (silver) vya Birmingham, Uingereza: kipulizie pumzi kwanza

Kwa mnaosaka vile visanduku vidogo vya kubebea siki ya manukato ya kunusa (vinaigrette) vya mfua fedha Nathaniel Mills, vya miaka ya 1830 na 1840, vyenye picha ya Abbotsford, nyumbani kwa mwandishi Walter Scott, au Newstead Abbey, kwa mshairi Byron, kabla hujatoa hela kipulizie pumzi ya mdomo taratibu, kama unavyofuta miwani, halafu kiangalie kwa pembeni chini ya taa. Ule ukungu unaua mng'ao, so jicho linaona kiraka, alama ya kulehemu, hata herufi za mwenye zamani zilizosuguliwa. Kagua sana pale penye mihuri, yaani nanga ya mji wa Birmingham na simba wa fedha halisi, mstari ukizunguka mihuri ujue imebandikwa kutoka kitu kingine. Mstari kuzunguka picha sio lazima uwe udanganyifu, nyingine ziliungwa kifunikoni tangu kiwandani. Kama kimepakwa fedha upya juu kwa umeme basi hutaona kitu, viungo vyote vimefunikwa. Na kwenye joto ukungu haushiki kabisa, kiweke mbele ya AC kwanza.