Somo: Kupiga Picha za Mwezi na Sayari kutoka Pwani ya Mtwara na Lindi

Somo hili ni la mtu mwenye simu au kamera ya kawaida, na ikiwezekana darubini ndogo yenye lenzi ya kipenyo cha milimita 70 hivi. Jambo la kushika kabla ya yote ni kwamba Mwezi na sayari si vitu vya gizani: vinamulikwa na jua lile lile linalotumulika sisi mchana, kwa hiyo kinachomsumbua anayeanza, hasa kwa Mwezi, si uchache wa mwanga bali ni wingi wake. Akishautawala mwanga, anabaki na adui mmoja tu, nayo ni hewa.

Sisi wa kusini tuna bahati ambayo wengi hawaijui. Mtwara ipo karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na njia wanayopita jua, Mwezi na sayari hukatiza jirani na utosi wetu, hivyo sayari inapofika kilele chake kwa kawaida huwa juu ya nyuzi 50 kutoka upeo wa macho. Mpiga picha wa London hufika wakati akaiona sayari hiyo hiyo ikiinuka nyuzi 15 tu, akalazimika kuipiga kupitia tabaka nene la hewa.

Hatua ya kwanza: chagua usiku. Mwezi mpevu unapendeza kwa macho lakini kwa picha ni mbaya, kwa kuwa jua linaupiga usoni na vivuli vinapotea. Piga tarehe 7 hadi 10 za mwezi mwandamo, na uelekeze lenzi kwenye mpaka wa nuru na giza. Kwenye tarehe 9 au 10 utaikuta hapo kasoko (shimo kubwa la mviringo) iitwayo Copernicus, yenye upana wa kilomita 93 hivi, ukingo wake umekwisha kupata jua ilhali sakafu yake ingali nyeusi tii. Mawingu ni machache zaidi kuanzia Juni hadi Oktoba. Ni majira ya kusi, basi jikinge na upepo nyuma ya ukuta.

Hatua ya pili: chagua mahali. Usisimamishe darubini kwenye sakafu ya saruji wala usiielekeze ipite juu ya paa la jirani, kwa kuwa vyote viwili hutoa joto la mchana hadi usiku, na joto hilo huitikisa taswira. Majani au mchanga ni afadhali. Itoe darubini nje nusu saa kabla, ilingane na joto la hewa.

Hatua ya tatu: Mwezi kwa kamera. Weka kamera kwenye stendi, zima mipangilio ya otomatiki, na utumie kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Kwa mwezi mpevu anza na f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na shata ya 1/100 (muda wa kupokea mwanga, kwa sekunde). Kwa nusu mwezi tumia f/8, ISO 200 na shata ile ile. Ukitaka kujua Mwezi utaonekana mkubwa kiasi gani kwenye sensa (kipande cha kamera kinachopokea picha), gawanya milimita za urefu wa fokasi ya lenzi kwa 110: lenzi ya milimita 300 itakupa Mwezi wa milimita 2.7 tu.

Hatua ya nne: simu kwenye darubini. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa. Ukiiweka simu kwenye kioo cha kutazamia cha darubini kisha ukaisogeza kidogo tu, duara la mwanga unaloliona linageuka kuwa hilali, kisha linatoweka. Nunua kishikizo cha simu, au ukitengeneze kwa kipande cha bomba la plastiki. Kuishika kwa mkono ni kujitesa bure. Gusa Mwezi kwenye kioo cha simu, bonyeza mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwangaza hadi kasoko zionekane.

Hatua ya tano: sayari kwa video. Mshtarii, hata ukiwa karibu nasi, upana wake machoni ni kama sehemu moja ya arobaini ya upana wa Mwezi, na picha moja haiwezi kuushinda mtikisiko wa hewa. Rekodi video ya dakika 2, usizidishe sana, kwa sababu sayari hiyo hujizungusha kwa chini ya saa 10 na mikanda yake itavurugika. Kisha tumia AutoStakkert, programu ya bure, ichague fremu bora (picha moja moja za video), tuseme asilimia 20, na kuzipanga moja juu ya nyingine. Programu nyingine, RegiStax, itakusaidia kunoa taswira.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Masasi, sina darubini, nina kamera yenye lenzi ya 300. Je, naweza kupata chochote cha Mshtarii?

Marahaba. Utapata miezi yake minne mikubwa, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Weka ISO 800 na nusu sekunde. Sayari yenyewe itakuwa doa jeupe, na hilo halizuiliki, kwa sababu mwanga unaoifaa miezi ni mwingi mno kwake.

Mbona Zohali yangu haina pete zile pana za kwenye vitabu?

Mwezi Machi 2025 pete zilitugeukia ubavu, nazo ni nyembamba mno kuonekana hivyo. Sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka.

Niko Kilwa Masoko. Lenzi yangu imeota utando kama wa buibui kwa ndani.

Huo ni ukungu, ndugu yangu, na unatokana na unyevu. Mpelekee fundi, usiifungue mwenyewe. Ukirudi ndani usiku, acha umande ukauke kabla ya kufunga mfuniko, halafu hifadhi vifaa kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Vikikaa sana, vibadilishe.

Je, Zuhura naweza kuipiga jioni mapema, kabla ya giza?

Ndiyo, na ni wakati mzuri, kwa kuwa gizani hung'aa kupita kiasi na umbo lake la hilali hupotea. Ila subiri jua lizame lote, kwa sababu likiingia kwenye darubini mara moja tu, jicho linapofuka.