Kabla hujalipia mashine ya marobota ya mviringo, lipigie hesabu trekta lako

Mvua zikishakatika mwezi wa tano na nyasi za Rhodes zikakomaa, wafugaji wengi wa Iringa, Mufindi na Mbeya huanza kuulizia mashine iliyokwisha kutumika ya kufunga hei, yaani majani makavu ya mifugo. Bei yake inavutia, na muuzaji ana jibu tayari: trekta lolote la hp 75, yaani nguvu za farasi 75, linaivuta. Kuivuta, sawa. Lakini kuizungusha huku robota linakaribia kujaa, shamba lenyewe likiwa mlimani, ni kazi nyingine kabisa.

Tafuta kwanza kitabu cha mashine au kibati chake. Nguvu inayotajwa pale ni ile inayotakiwa kufika kwenye PTO, shafti ya nyuma ya trekta, wala si ile iliyobandikwa kwenye boneti. Njiani kutoka kwenye injini hupotea kama sehemu moja ya nane, kwa hiyo hp 75 za injini hufika nyuma zikiwa 65 hivi. Kisha kuna jambo ambalo wauzaji wa Dar es Salaam hawana sababu ya kulifikiria: mwinuko wetu. Injini ya dizeli isiyo na tabo (turbo, kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi) hupungukiwa takriban asilimia 3 kila unapopanda mita 300, kwa kuwa hewa ya huku juu ni nyepesi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, zile 65 zinabaki kama 55. Kitulo, palipo juu ya mita 2,600, hazifiki 50. Trekta lenye tabo hupoteza kidogo tu, na kwa mkulima wa nyanda za juu naona ni halali kuongeza fedha kulipata.

Mlima nao unadai chake. Trekta, mashine na robota lililo ndani kwa pamoja vinaweza kufika tani 5. Kuvipandisha kwa mwendo wa kilomita 6 kwa saa, mahali ardhi inapoinuka mita 10 katika kila mita 100, kunakula kama hp 11. Kwa hiyo, pale Mbeya mjini, hp 75 za kwenye boneti zimekuacha na 44 za kuisokota hei. Mashine ya robota la futi 4 kwa 4 (upana kwa kipenyo) kwa kawaida huhitaji kati ya 45 na 60 kwenye PTO, na zile za futi 5 kwa 6 huanzia kama 75. Trekta la hp 75 lililotosha tambarare, huku kwetu linahema hata kwa mashine ndogo. Nikishauri, kwa futi 4 kwa 4 nasema hp 90 za injini isiyo na tabo, au 80 zenye tabo.

Klachi nayo inasahaulika, na kwangu ina uzito kuliko hizo namba zote. Robota likijaa, trekta linatakiwa lisimame wakati PTO inaendelea kuzunguka, ili kamba izungushiwe. Trekta la klachi ya hatua moja haliwezi kufanya hivyo: ukikanyaga, magurudumu na PTO vinasimama pamoja. Dereva atalazimika kutoa gia kila robota linapojaa, na kila akichelewa, mashine inazidi kushindiliwa majani hadi inakaba. Jaribu hivi: washa PTO, ingiza gia, kanyaga klachi nusu. Magurudumu yakisimama na shafti ikaendelea kuzunguka, uko salama.

Tazama pia ncha ya shafti ya trekta. Meno 6 ni ya mizunguko 540 kwa dakika, 21 ni ya 1,000, na mashine iliyotengenezewa mwendo mmoja isilazimishwe kwenye mwingine. Haidroliki ihakikishe: mashine nyingine zinataka mipira miwili, wa kwenda na wa kurudi, na matrekta mengi ya zamani yana njia moja tu. Kwenye mashine yenyewe kagua mikanda, cheni na meno ya kuokotea, na baada ya kuizima kabisa gusa beringi moja moja. Iliyo moto kupita wenzake imekwisha. Usiingie chini ya mlango wa nyuma kabla ya kufunga koki yake ya usalama. Mlango ule ukikushukia haukuachi salama.

Chagua mashine inayofunga kwa kamba, hata kama ina wavu. Kamba ya katani inatengenezwa hapa nchini, wakati wavu unategemea meli na dola.

Robota la futi 4 linaweza kufika kilo 250 au zaidi. Likitolewa trekta likiwa limeelekea juu, litabingirika hadi kwa jirani, na watu hufa hivyo. Trekta likatize mlima kwanza ndipo ufungue mlango. Na kama unafuga ng'ombe wawili watatu wa ndani kule Rungwe, huna haja ya mzigo huo. Zipo mashine ndogo za marobota anayoweza kuyabeba mtu mmoja, zinazotosheka na trekta la hp 30 hadi 50.

Mwisho, usilipe mpaka umeona robota tatu zimefungwa shambani, kwa trekta lako, kwenye upande wenye mlima. Mshale wa PTO uutazame robota linapomalizia kujaa: ukibaki 540, kaeni mzungumze bei. Ukishuka na moshi ukawa mweusi, mashine hiyo itafute trekta lingine.